Mzee Amenasa

Kitambaa cha Yaw Boadum kilikaa siku kumi na moja kwenye rafu za soko la Kejetia, mjini Kumasi, bila jina, na kwa siku hizo kumi na moja hakuna aliyenunua hata yadi moja. Siku ya kumi na mbili kikapata jina. Kufikia jioni rafu zilikuwa tupu, na Boadum alikuwa mtu mwenye matatizo.

Ni haki kusema kwamba yeye mwenyewe alishakipa jina. Boadum alisomea usanifu wa majengo miaka sita, akajenga nyumba mbili zilizosifiwa sana na watu ambao hawakulazimika kuishi ndani yake, kisha akahamia kwenye vitambaa, ambavyo havivuji. Hiki cha kwanza alikiita "Pumzi ya Ukuta, Namba Tatu". Hapakuwa na Namba Moja wala Namba Mbili. Alichapisha pia karatasi ya maelezo yenye maneno mia nne, iliyofafanua uhusiano wa nafasi tupu na nafasi iliyojaa, akampa kila muuzaji nakala hamsini. Wauzaji walizipokea kwa shukrani. Karatasi ilikuwa nene na nzuri. Ilishika karanga za kukaanga bila kupenyeza mafuta.

Lakini Kumasi mchoraji hakipi kitambaa jina. Wanaokipa jina ni akina mama wanaokiuza, na juu ya wote alikuwa Mama Twumwaa, malkia wa wauza vitambaa, mwanamke mpana na mtulivu aliyekuwa na miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kutazamia watu. Mwanamke wa Kumasi akiwa na neno la kumwambia jirani, wifi au mume, hafungui kinywa. Anavaa kitambaa chenye jina la neno hilo, anapita mbele ya mhusika taratibu, anarudi tena kama amesahau kitu. Kitambaa kisicho na jina hakina kazi hiyo, na kwa kufunika mwili tu kuna vitambaa vya bei nafuu zaidi.

"Umechora vizuri, kaka," Mama Twumwaa alimwambia siku ya kwanza, akikinyoosha juu ya magoti yake. "Ila bado hakijasema kitu. Niachie nikikalie."

"Kina jina tayari, Mama. Liko kwenye karatasi."

"Karatasi nimeiona. Nayo imeandikwa vizuri. Niachie nikikalie."

Alikikalia kweli. Alikunja yadi sita, akaziweka juu ya stuli yake, na kwa siku kumi na moja akauza vitambaa vya wengine akiwa juu ya cha Boadum. Siku ya kumi na mbili aliinuka kuchukua chenji, akageuka, akakiona kitambaa kwa mbali kidogo, kimeangalia upande ambao hakuwahi kukitazama. Akavua miwani ya kusomea, akavaa ile ya watu. Halafu alicheka mpaka walinzi wa soko wakaja mbio kuuliza nani ameibiwa.

Jina alilolitamka lilikuwa maneno mawili: Mzee Amenasa.

Baada ya hapo kila aliyekitazama hakuweza kuona kitu kingine. Kulikuwa na safu za matofali ya matundu, yale yanayojengwa kwenye kuta za jiko ili moshi utoke, ya kijani juu ya buluu. Na kila baada ya matofali manne palikuwa na umbo kubwa la kahawia, la mviringo, lenye mstari katikati unaoligawa mapande mawili yaliyolingana. Kwenye karatasi Boadum aliliita "mwezi unaopumua". Wanawake wa Kumasi waliona makalio ya mtu mzima aliyekwama dirishani, nao walikuwa na waume, na waume walikuwa wakinaswa katika mambo mbalimbali. Kitambaa kilikwenda kama maandazi ya asubuhi.

Boadum alipata habari za matatizo yake siku ya Alhamisi, kwa simu. Aliyempigia alikuwa Nyarkoa, mchumba wake, mpishi aliyekuwa akiuza supu nyepesi ndani ya vikombe vya kahawa mtaa wa Adum, na watu wakapanga foleni.

"Boadum, umefanya nini?"

"Kitambaa kimeisha chote!" alisema Boadum. "Wamekibadilisha jina, lakini nitawaandikia barua."

"Baba amekiona."

"Amekipenda?"

"Ametoka kwa kinyozi, amekutana na wanawake watatu wamekivaa. Mmoja kamwambia, 'Mzee shikamoo, leo umepita salama?' Baba kauliza kitambaa kinaitwaje. Kaambiwa. Sasa yuko nyumbani, amekaa."

"Amekaa vipi?"

"Amekaa tu, Boadum. Anasema Jumamosi mkija kubisha hodi mtabisha mpaka vidole viote sugu. Jina hilo likiwa hai, mlango haufunguliwi."

Hapo Boadum alikaa pia. Jumamosi ndiyo siku ambayo wazee wa kwao walikuwa waende Bantama, nyumbani kwa Nyarkoa, na chupa mbili za pombe kali, wagonge mlango na kumwomba binti. Mlango usipofunguliwa hakuna mahari, hakuna arusi, na wazee wake wasingerudi mara ya pili. Mjomba wake alishasema nauli ya kwenda kuaibishwa haitoi. Boadum alimpenda Nyarkoa kwa miaka minne, kwa uthabiti, na alikuwa na ramani ya nyumba watakayoishi, yenye vipimo.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Kama zawadi, alishapeleka vipande ishirini vya kitambaa hicho ili wanawake wote wa upande wa Nyarkoa wavae siku hiyo hiyo.

"Lakini ni jina tu," alisema. "Linamhusu nini baba yako?"

Nyarkoa alishusha sauti.

"Mama kaniambia leo," alisema Nyarkoa. "Kumbuka mimi nilikuwa bweni, Cape Coast. Niliporudi likizo niliambiwa ukuta wa jiko ulibomolewa na mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi mkubwa."

Habari yenyewe, Nyarkoa alivyoisimulia, ilikuwa hivi. Miaka kumi na miwili iliyopita daktari alimkataza baba yake, Mzee Opanin Kyei, nyama na mafuta. Jumapili moja mkewe alipika supu ya ndezi kwa ajili ya wageni, akafunga mlango wa jiko kwa kufuli, akaenda kanisani na ufunguo. Ukuta wa jiko ulikuwa na pengo la moshi, ukubwa wa matofali mawili. Kichwa cha Mzee kilipita. Mabega yalipita. Mkono ukafika kwenye sufuria, na hapo ndipo kosa lilipofanyika, kwa kuwa aliingia na tumbo tupu akataka kutoka na tumbo lililojaa. Ibada ilikuwa ndefu. Wa kwanza kuingia uani walikuwa kwaya ya akina mama, wote kumi na sita, na sare zao. Walijaribu mawese. Mwishowe aliitwa mwashi, akavunja matofali mawili ya pembeni, na Mzee alipotoka, tundu lilibaki na umbo la kilichotoka. Mwashi akaliziba kwa saruji jinsi lilivyokuwa. Kiraka hicho kipo hadi leo.

Boadum alifumba macho. Miezi mitatu nyuma, siku ya kwanza kukaribishwa Bantama, alikaa uani saa sita mchana, akauona ukuta wa jiko kwenye jua kali, na katikati yake umbo la ajabu, laini, lisilofanana na chochote alichofundishwa. Akapiga picha. Mama Nyarkoa alipoletewa vipande ishirini aliuliza mchoro umetoka wapi. Boadum akamjibu kwa fahari, "Kwenye ukuta wenu, Mama." Mama akasema "Aa," akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu.

"Kwa hiyo ule mwezi unaopumua..." alisema Boadum.

"Ni baba," alisema Nyarkoa.

Ijumaa asubuhi Boadum alikwenda Kejetia na vitu vitatu: karatasi ya maelezo, penseli na futi yake ya chuma ya mita tano. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliamini kuwa jambo la uongo likipimwa mbele ya mashahidi hufa lenyewe, na alikesha akikokotoa mpaka akaridhika kwamba hili lilikuwa la uongo.

"Mama Twumwaa, naomba mliondoe lile jina."

"Jina haliondolewi, kaka. Linapitwa. Likitokea jambo kubwa kuliko lile, tutasema hilo."

"Na kama jambo lenyewe halikutokea?"

Mama Twumwaa akabadilisha miwani. "Nilikuwa kwenye ile kwaya. Sauti ya pili. Nilishika mguu wa kushoto."

"Mashahidi hukosea, Mama. Vipimo havikosei."

"Haya sikieni," Mama Twumwaa aliwaambia wenzake bila kupandisha sauti. "Mguu niliushika vibaya."

Pembeni ya kibanda chake ulisimama ukuta mdogo. Boadum aliujenga mwenyewe wiki mbili nyuma kwa ajili ya maonyesho, wa matofali yaleyale ya matundu, na akaacha pengo la matofali mawili ambamo kitambaa kilipitishwa na kuning'inia kama maporomoko ya maji. Sasa alikivuta kitambaa kando, akatoa futi, akalipima pengo mbele ya wote: sentimita arobaini kwa arobaini. Akajipima upana wa nyonga, akamwomba muuza nyuzi asome namba.

"Thelathini na saba," alisoma muuza nyuzi.

"Thelathini na saba sehemu iliyo pana kuliko zote," alisema Boadum. "Zinabaki tatu. Mzee Opanin Kyei ni mwembamba kuliko mimi."

"Siku hizi," alisema Mama Twumwaa.

"Mtu mzima anapita hapa bila kugusa upande wowote. Hakuna aliyewahi kunasa, hakuna anayeweza kunasa. Ninapita sasa hivi, na nikishapita mtakubali kwamba jina lile halina msingi."

"Shosti, funga duka," mwanamke mmoja alimwambia mwenzake. "Msanifu anapita."

Boadum alivua viatu, akavipanga, akairudisha futi mfukoni, akaingia.

Kichwa kilipita. Mabega yalipita, na vizuri. Upande wa pili alitokea juu ya meza ya samaki wakavu, uso kwa uso na mwanamke ambaye hakuwa amefuatilia habari hizi.

"Unataka nini?" aliuliza mwanamke.

"Sitaki kitu, Mama. Napita tu."

"Basi pita, usinizibie wateja."

Boadum alisukuma. Hakwenda. Alisukuma tena, na akasikia kitu kikigonga tofali, kikaingia mahali, kikashika. Alijaribu kurudi nyuma, nako hakukuwezekana. Alifanya hesabu upya, kichwani, akiwa amelala juu ya dagaa. Thelathini na saba, jumlisha futi ya chuma mfukoni, sentimita nne: arobaini na moja. Na futi ilikuwa na kishikizo cha kuning'inizia kwenye mkanda, na kishikizo kilikuwa kimeingia kwenye tundu la tofali, tundu alilolisifia kwa maneno themanini katika aya ya pili ya karatasi yake.

Upande wa nyuma, kwa makadirio yake ya baadaye, soko lilihitaji sekunde tatu tu kuelewa.

"Jamani, ukuta unapumua!"

"Namba Moja na Namba Mbili ndizo hizo! Tulizitafuta sana!"

"Bwana Msanifu, nafasi tupu inaendeleaje huko? Huku imejaa!"

"Akina dada, msimguse," ilisema sauti tulivu ya Mama Twumwaa. "Nipeni simu yangu." Kisha, baada ya muda, Boadum akamsikia akisema, "Mzee shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Tunaomba uje Kejetia. Kuna kazi inayohitaji ujuzi wako."

Opanin Kyei alifika baada ya nusu saa, na Nyarkoa nyuma yake. Alikuwa mzee mrefu, mkuu wa ukoo wa kwao, mtu wa kuamua kesi za mashamba ambaye kwa miaka kumi na miwili watu hawakucheka mbele yake, ila walikohoa mara nyingi mno kuliko hali ya hewa ilivyostahili. Soko lilimpisha. Alisimama upande wa nyuma wa ukuta kwa dakika nzima, mikono mgongoni, kama anayekagua mpaka wa shamba. Akazunguka upande wa samaki, akainama.

"Umekula?" aliuliza.

"Hapana, Mzee."

"Afadhali. Una matumaini."

"Mzee, nilikuwa nathibitisha kwamba wewe haiwezekani uli..."

"Nyamaza. Ukiongea unavuta hewa, ukivuta hewa unavimba. Toa pumzi yote. Usisukume kwa tumbo, tumbo ni adui yako hapo. Fikiria jambo la huzuni."

Boadum alifikiria kesho. Hakuhitaji kujitahidi.

"Sasa watakuletea mawese," Mzee aliendelea kwa sauti ya chini. "Kataa. Mawese yanateleza, sikatai, lakini utanuka miezi miwili na kila mbwa wa mtaa atakujua. Sema unataka mafuta ya shea. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia."

"Asante, Mzee."

"Na ulipofika hapo katikati, kitu cha kwanza ulichofikiria ni nini?"

Boadum alitafakari. "Kwamba hesabu ilikuwa sahihi."

"Ehe," alisema Opanin Kyei, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu anayemtambua. "Na mimi. Niliipiga kwa mkono, viganja vitatu na kidogo."

Hapo Mama Twumwaa alikuja akasimama karibu yao, mikono imefumbatwa. Nyuma yake walikuwa wanawake arobaini, wakisubiri, kwa maana waliijua kazi yao ya kutoa majina na waliona kwamba sasa ndiyo inafanyika.

"Mzee," alisema, "soko linauliza. Huyu aliyenasa ni nani?"

"Mnamjua. Mmetoka kumcheka."

"Tunamjua kwa kazi yake. Tunauliza ni nani kwako."

Boadum, juu ya dagaa, alielewa kabla ya Mzee. Mzee akisema hamjui, jina jipya litakuwa Mchoraji Amenasa, na Jumamosi itakuwa imekwisha leo Ijumaa. Alimtafuta Nyarkoa kwa macho. Nyarkoa alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili na machozi yalimtoka, lakini si ya huzuni, na hilo Boadum alilisajili kama jambo la kuzungumzwa baadaye.

Opanin Kyei alitazama kitambaa kilichovutwa kando. Alilitazama lile umbo la kahawia, kubwa, lenye mapande mawili, limerudiwa na kurudiwa kuanzia upindo hadi upindo. Alitazama miguu ya Boadum iliyokuwa ikining'inia upande wa pili. Aliwatazama wanawake wa Kejetia, mmoja mmoja. Hata mtu asiyeamua kesi za mashamba angeona kwamba mpaka ulikuwa unaweza kusogezwa, na kwamba ulisubiri neno moja.

"Huyu?" alisema Mzee, akinyoosha mgongo. "Huyu ni mkwe wangu."

"Mkwe Amenasa!" alisema Mama Twumwaa.

"Mkwe Amenasa!" walirudia wale arobaini, na jina likatoka hapo likaenda kwa wauza nyuzi, kwa wauza viatu, kwa wauza nyanya, likapinda kona kwenye mashine za kusaga, na kabla halijafika stendi ya magari lile la kwanza lilikuwa halina mwenyewe.

Kutoka kulikuwa rahisi. Mzee alipitisha mkono wake mrefu kati ya tofali na nyonga, mkono uliozoea mapengo ya namna hiyo, akapapasa, akavuta. Kitambaa cha suruali kilipasuka, na futi ikatoka mkononi mwake.

"Hiki nini?"

"Futi, Mzee."

"Ulijipima na hii ikiwa mfukoni?"

"Hapana. Nilijipima kwayo, kisha nikairudisha mfukoni."

Opanin Kyei alicheka. Hakukohoa, alicheka, ameegemea meza ya samaki, na yule mwanamke wa samaki akamwomba naye asimzibie wateja. Boadum akatolewa kwa kuvutwa miguu. Mama Twumwaa alishika wa kushoto. Mfuko wa suruali ulibaki ukutani.

Jumamosi wazee wa Boadum walifika Bantama saa nne, chupa mkononi, nyuso za watu waliotarajia mabaya. Mjomba alinyoosha mkono kugonga, na mlango ukafunguka kabla kidole hakijagusa. Ndani walikaa wanawake ishirini wamevaa kitambaa kilekile. Katikati yao alikaa Opanin Kyei, na yeye amekivaa, amejifunga begani, na lile umbo kubwa limeangukia kifuani sawasawa.

"Tumekuja kubisha hodi," alianza mjomba.

"Mmechelewa," alisema Mzee. "Kijana wenu alishabisha jana. Kwa kichwa. Kaeni, supu inapoa."

Ilikuwa supu ya ndezi. Nyarkoa ndiye aliyeipika, na mlango wa jiko ulikuwa wazi.

Mwezi uliofuata kitambaa kilichapishwa tena, maradufu ya mara ya kwanza. Boadum aliambatanisha karatasi mpya ya maelezo. Ilikuwa na maneno mawili tu, yale ya soko, bila Namba. Akina mama waliisoma yote, hadi mwisho, kisha wakalalamika kwake kwamba ni ndogo mno, karanga zinamwagika.